Wimbo Uliobaki Kasulu

Jamani, mkiniona nacheka leo msidhani sikulia siku ile, na nililia nikiwa na sare ya kwaya mwilini, mbele ya kanisa zima la Kitanga.

Tulikuwa tunazindua wimbo ambao mwalimu wetu wa kwaya, Bukuru, alimtungia mama yake, na yule bibi alikuwa anatoka Munanila na magoti yake mabovu kuja kuusikia kwa mara ya kwanza. Sisi siku hizi tunaimba pleibeki (wimbo unapigwa kwenye spika, sisi tunacheza na kuchezesha midomo), kwa hiyo kazi yangu mimi Neema, mwenye cheti cha kompyuta cha miezi mitatu, ilikuwa kwenda studio Kasulu kuuchukua. Fundi akaniambia, "Dada, ngoja nikale, nikirudi nakuwekea." Nani angoje? Nikauona wimbo pale kwenye skrini, una kimshale kidogo pembeni, nikaunakili kwenye flashi, ukaingia kufumba na kufumbua, nikajisifu njia nzima.

"Umeujaribu?" Mwalimu akaniuliza Jumapili asubuhi.

"Mwalimu, mimi nina cheti."

Basi tukajipanga, mikono juu, bibi kakaa mbele na kitenge kipya, nikachomeka flashi kwenye kompyuta, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, nikasema ni waya, wakachomoa waya zote, nikasema ni spika, wanaume wawili wakaibeba kuigeuza, ndipo nikaitazama vizuri ile flashi kwenye skrini nikakuta faili la wimbo halimo, kuna shotikati tu, yaani nimebeba kibao cha kuelekeza nyumba, nyumba yenyewe nimeiacha. Nikanong'ona, "Yesu wangu, wimbo umebaki Kasulu" (kumbe maiki iko wazi), kanisa zima likasikia.

Bibi akaniangalia. "Na midomo nayo mmeiacha Kasulu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu hakunitazama, akaanzisha mwenyewe, nasi tukadandia, ubeti wa kwanza hovyo kabisa, wa pili ukakaa, wa tatu bibi akasimama na magoti yale yale, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi machozi na makamasi, naimba huku nimeing'ang'ania flashi mkononi.

Siku hizi nanakili faili lenyewe, nalijaribu kwenye mashine nyingine, na fundi akienda kula namngoja hata akiongeza sahani ya pili. Nilimpelekea bibi ule wimbo wa studio, mzima, na spika yake ndogo. Hajaufungulia mpaka leo. Anasema wa kwake alishausikia.