Mpagazi wa Wati Mia Mbili na Arobaini

Pale Chemchem, mjini Tabora, ukiulizia nyumba ya Apolinaria wa video, utaonyeshwa hata na mtu ambaye hujamaliza kumsalimu. Ujanani alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya misheni, enzi zile ambapo mlio wa mashine za chapa ulisikika hadi uani kwa masista. Masista hao walimzoeza kukaa wima, kukata kucha, na kutoinuka mezani kabla kazi haijakwisha. Mashine zilipostaafishwa, naye akastaafu. Lakini mikono iliyozoea vitufe haikukubali kulala. Akajifunza kamera, kisha kompyuta, na kwa miaka mingi sasa ndiye anayezitengenezea kwaya za Tabora video za nyimbo zao, Wakatoliki kwa Wamoraviani, bila ubaguzi.

Kompyuta yake ilitoka katika ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa. Ilikuwa imara kama kabati, naye aliitunza kama wazee walivyotunza baiskeli zao: kila Jumamosi aliipangusa kwa kitambaa kikavu. Kwa miaka yote hiyo ilimtosha. Lakini mwaka huu alipata kamera mpya yenye picha safi mno, na kompyuta ikaanza kulemewa. Waimbaji walifumbua vinywa, na sauti ikafuata baadaye, kama abiria aliyeachwa na treni stesheni ya Bukene.

Na kazi iliyokuwa mezani haikuwa ya kufanyiwa mzaha. Kwaya ya kigango kimoja cha Ulyankulu ilikuwa ikitimiza miaka arobaini, na wimbo wake wa jubilei ungeonyeshwa ukutani Jumapili hiyo, baada ya Misa. Mzee Sindayigaya, aliyeianzisha kwaya hiyo na kuilea, alikuwa amekataliwa na miguu. Siku ya kurekodi, kule msituni, hakuweza kufika. Apolinaria alikwenda kumtazama nyumbani, akamshika mkono, akamwambia, "Baba, Jumapili utaiona kwaya yako yote, uso kwa uso." Ahadi hiyo ndiyo iliyomnyima raha.

Basi akaagiza kadi ya grafiksi, yaani kile kipande kinachoisaidia kompyuta kuchora picha. Ilikuja kwa basi kutoka Mwanza, nzito kama tofali, ina feni mbili na rangi ya kumetameta. Akamwita Saidi fundi aje kuifunga.

Saidi ni Mzaramo. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, na Saidi akazaliwa, akasoma na kuoa papo hapo. Hata hivyo Uzaramo wake haukupungua, wala Apolinaria hakuruhusu upungue, kwa kuwa Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pwani.

"Shikamoo, mpagazi," alisema Saidi mlangoni.

"Marahaba, mla nazi. Vua viatu."

"Nikivua, nitavikuta?"

"Nani avitake? Ingia, chai inapoa."

Saidi akafungua kompyuta, akaichukua kadi, akaipima mkononi na kupiga mluzi.

"Mtani, mzigo huu umeupendea sura."

"Kwani si nzuri?"

"Nzuri sana. Kwa kompyuta ya mtu mwingine." Akamwonyesha kibandiko kwenye pawa saplai, lile sanduku la chuma linaloipatia kompyuta umeme. "Huyu ndiye mpagazi wako. Anabeba wati mia mbili na arobaini, basi. Prosesa na diski wamekwisha kumkalia mgongoni. Hii kadi peke yake inataka zaidi ya nusu ya nguvu zake, tena inataka waya wake yenyewe, na waya huo hana."

"Badilisha pawa saplai, ulete kubwa."

"Hizi za ofisini zina umbo lao na plagi zao. Mjini humu sijaona kubwa itakayoingia hapa."

Apolinaria akatoa kiunganishi kifupi ndani ya boksi. "Muuzaji kaniwekea hiki. Unachukua umeme wa waya wa diski."

"Waya wa diski ni mwembamba, mama. Ukiubebesha hilo tofali utayeyuka, na harufu ndiyo itakayokupa taarifa."

"Wazaramo kwa woga hamjambo! Babu zangu walitoka hapa mpaka pwani na pembe za ndovu mabegani."

"Ndiyo maana nasema. Ninyi mkiambiwa mzigo ni mzito, ndiyo kwanza mnachuchumaa mtwikwe!"

Apolinaria alicheka, lakini hakulegea. "Kesho nikitoka Misa ya asubuhi nitaiunga mwenyewe. Nimeanza kufungua mashine wewe hujui kufunga kamba za viatu."

Saidi akanywa chai yake, akaaga kwa adabu nyingi, jambo ambalo lingepaswa kumtia mwenyeji wake shaka.

Asubuhi iliyofuata Apolinaria alirudi kutoka kanisani akamkuta wifi yake Recheli, aliyekuwa akikaa naye, anachambua maharage barazani.

"Mtani wako alipita," alisema Recheli bila kuinua macho. "Kaichukua ile kadi na boksi lake. Anasema ni mateka."

"Nawe ukamtazama tu?"

"Ningemzuiaje, wifi? Utani huo. Kasema ukiitaka, upeleke jogoo."

Apolinaria akabaki amesimama na rozari mkononi. Mtani akikunyang'anya kitu, unaweza kukikomboa na unaweza kumtukana mpaka uchoke; kukasirika huruhusiwi. Anayekasirika ameshindwa mbele ya watu wote. Naye alikuwa amekasirika sana. Akajipangusa uso, akavaa tabasamu, akashika njia ya sokoni kwa Saidi.

"Mwizi wa pwani! Kadi yangu iko wapi?"

"Iko kwa Doto, inashiba," alijibu Saidi kutoka kibandani kwake. Doto alikuwa na chumba cha michezo ya kompyuta karibu na stendi, na mashine yake ilikuwa na pawa saplai ya kubeba lolote. "Tumebadilishana. Yeye kaachia hii."

Ilikuwa kadi ndogo, haizidi kiganja, yenye feni moja.

"Hiki kitoto?"

"Kigeuze. Tafuta tundu la waya."

Apolinaria akakigeuza, akatafuta, asilione.

"Hakina," alisema Saidi. "Kinakula pale pale kinapochomekwa. Hakipiti wati sabini na tano. Mpagazi wako atakibeba huku anaimba."

Apolinaria akakipima kiganjani. Mzee Sindayigaya aliahidiwa nyuso. Feni mbili hakuahidiwa na mtu.

"Na kikishindwa?"

"Jogoo nitaleta mimi."

Wakakifunga siku hiyo hiyo. Kompyuta ikawaka, ikatulia, na kwenye skrini vinywa na sauti vikaenda pamoja. Kuikamilisha video kulichukua mchana kutwa wa Ijumaa. Apolinaria aliketi pembeni akimenya karanga, sikio lote kwenye feni, na kila ilipopunguza mlio naye alizuia pumzi.

"Wifi, unaivizia kama chungu cha maharage," alisema Recheli.

"Nyamaza, usiishtue."

Jumapili, Mzee Sindayigaya aliletwa kwenye kiti na kuwekwa mstari wa mbele. Esperansi, kiongozi wa kwaya, alimfunika magoti kwa kitenge, kisha akaashiria madirisha yafungwe. Wimbo ukaanza ukutani: miti, mashati meupe, nyuso moja baada ya nyingine. Mzee alitazama bila kupepesa. Mara mkono wake wa kulia ukainuka, ukaanza kuongoza. Katikati ya ubeti wa pili ukasimama hewani.

"Irambona amechelewa kuingia!" alisema kwa sauti. "Miaka yote namwambia, mpaka leo anachelewa!"

Watu wakaangua kicheko. Irambona mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, akasimama kati ya sauti za besi.

"Baba, nisamehe, labda ni hiyo video!"

"Video ina kosa gani? Mdomo nauona!"

Nyuma, kando ya mashine ya kuonyeshea, Apolinaria alijiziba kinywa kwa ncha ya khanga. Wimbo ulipokwisha, mzee aligeuza shingo polepole, akamtafuta kwa macho mpaka akampata.

"Mwanangu, rudisha mwanzo. Hao wa sauti ya kwanza sijawamaliza."

Apolinaria akarudisha mwanzo.