Kifuniko cha Thamosi

Makandi ni dada yangu anayenifuata kuzaliwa, na siri yake ilinikwama kooni miezi saba kama nduma kavu. Alipokwenda Nairobi kupasuliwa ili tumbo lipunguzwe, aliwaambia walimu wenzake wa shule ya Kaaga kwamba anaenda semina. Kwetu nilijua mimi peke yangu.

Kilo zikashuka, nikadhani sasa atapumua. Wapi! Alijipima asubuhi, akajipima tena jioni, kioo cha chumbani akakifunika kwa leso. Daktari alimwambia aonane na mshauri. Kila wiki alisema ataenda wiki ijayo. Ilipofika Agosti hata uji hakutaka, akiogopa kwamba akilegea siku moja tu unene utarudi. Nilimfokea, kisha nikaenda jikoni kulia.

Na huku kwetu mtu akikonda hivyo hawamuulizi kitu. Wanakuja kumwona mgonjwa. Jumamosi wakafika akina mama sita wa kanisa kutoka Mikinduri na sufuria ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, wakiongozwa na Mama Mbaka. Mama yetu alikuja nyuma na thamosi ya uji. Wakaomba, na maombi yenyewe yalikuwa ya kumsindikiza mtu. Mama Mbaka alimshukuru Mungu kwa maisha ya Makandi kana kwamba yameshaisha.

Kisha sahani ikajazwa, akawekewa mapajani. Sahani ya mgonjwa huangaliwa mpaka iishe. Tumbo lile sasa lilibeba vijiko vichache tu. Akilazimisha atatapika mbele yao, akikataa watalia. Jasho lilimtoka, kijiko kikawa kinagonga sahani. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake.

Mama akawaomba wenzake watoke nje kidogo.

"Niambie ni ugonjwa gani," akamwambia Makandi. "Nimeombea yote, sijui tena niombee nini."

Makandi akamweleza kila kitu, tangu ile semina ya uongo. Mama ni mnene, amekuwa mnene tangu nimjue. Aliitazama mikono yake.

"Kwani ulichukia kufanana na mimi?"

"Sikukuchukia wewe, Mama. Nilijichukia mimi. Nimekonda, na bado najichukia."

Hilo hata mimi hakuwahi kuniambia. Niliumia sana.

Mama hakumgombeza. Aliiondoa ile sahani, akafungua thamosi, akamimina uji kwenye kifuniko, nusu tu, akamuuliza kama hiyo itaingia. Makandi akaitikia kwa kichwa. Mama akamshikia kifuniko, akanywa kidogo kidogo mpaka uji ukaisha.

"Jumatatu tunaenda kwa huyo mshauri," Mama akasema. "Na mimi nitaingia. Nina yangu pia."

Huko nje Mama Mbaka alikuwa ameanzisha wimbo wa maziko. Nikatoka kumwambia anyamaze, hapa hakuna aliyekufa.