Ungo Haujawahi Kushika Jembe

Kabla hajaanza kualikwa kwenye sherehe za matajiri wa dhahabu, alikuwa anakuja kwa baiskeli hadi kwenye studio yetu pale Shinyanga mjini, zeze limefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Alinisubiri kibarazani mpaka nimalize kusoma taarifa. Alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, mtu wa upande wa Samuye kama mimi. Nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka ya kutosha, ndiyo maana aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu.

Mimi nilikuwa na kipindi cha Jumamosi mchana kwenye redio hiyo ndogo. Nilipiga nyimbo za wasanii wa kwetu, kisha nikasema ninachofikiri. Huu umetungwa kwa subira. Huu umefanyiwa haraka. Huyu ana sauti, lakini bado hana la kusema. Watu walinisikiliza wakiwa mashambani na machungani, na wengi walipiga simu kubishana nami. Nilifurahi wakibisha, maana mtu habishani juu ya wimbo asioujali.

Yeye hakungoja kipindi. Aliniimbia palepale kibarazani, macho ameyafumba, halafu akauliza, "Ukoje, mayu?"

"Mwanzo wake mzuri. Katikati unazunguka palepale kama ng'ombe aliyefungwa kigingini."

Alicheka, akalifunga zeze lake, akaondoka. Baada ya wiki alirudi na wimbo uleule, na safari hii ng'ombe amefunguliwa. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua kuendesha baiskeli mwendo wote ule, wakati nyumbani kwake kuna masikio. Akaniambia, "Mke wangu anasema zote nzuri. Ndugu zangu wanasema zote nzuri. Nikitoka hapa ndiyo ninajua nimetunga nini."

Kisha Geita ikamwita. Wachimbaji walipopata mawe mazuri walitaka ngoma, na ngoma ilimtaka manju wa kutaja majina yao. Akahamia huko na kikundi chake. Hatukugombana. Baiskeli tu ilikoma kuonekana kibarazani.

Wimbo wake wa kwanza kutoka Geita uliletwa studio na mtu mwingine kwenye flashi, nami nikausikia kwa mara ya kwanza hewani, pamoja na wasikilizaji. Ulikuwa mrefu, wenye vyombo vya kisasa, na ndani yake hamkuwa na kitu zaidi ya majina ya wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na sifa za magari yao. Ulipoisha nilifungua kipaza sauti na kusema kama nilivyozoea kumwambia mwenyewe.

"Huyu manju tunamjua. Wimbo huu hakuutunga, ameita mahudhurio tu. Amewataja matajiri wote wa Geita, akasahau kutuambia jambo."

Sikuona kama nimesema kitu kikubwa. Kumbe kibarazani tulikuwa wawili, na sasa tulikuwa na nchi nzima ya Wasukuma katikati yetu. Baadaye niliambiwa kwamba alikuwa amekaa na wale matajiri siku hiyo, redio imewekwa mezani, wakisubiri kusikia atakavyosifiwa.

Jibu lake lilikuja kabla mavuno hayajaisha. Alitunga wimbo juu yangu. Hakunitaja jina, wala hapakuwa na haja. Kiitikio chake kilikuwa hivi: ungo haujawahi kushika jembe, lakini unajua pumba za kila mtu. Uliimbwa kwenye maduara na kwenye mashamba ya tumbaku kule Ushetu, wanawake waliuimba wakipepeta mpunga, wakicheka. Nikawa Ungo. Nikipita sokoni, muuza nyanya ananong'ona kwa mwenzake, halafu mmoja wao anaanza kiitikio kwa sauti ya chini, mwingine anapokea.

Kilichoniuma zaidi kilitokea kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi, muuza redio na spika, ambaye familia yake ina duka pale mjini tangu enzi za babu yake. Nilikwenda kununua betri. Wimbo ulikuwa unapigwa kwa sauti kubwa mpaka vioo vya kabati vinatetemeka. Aliponiona mlangoni aliuzima haraka, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Uache uimbe," nikamwambia. "Ni biashara yako."

"Hapana, dada. Wewe mteja wangu wa siku nyingi." Akanipa betri bila kunitazama usoni. Kicheko cha sokoni niliweza kukibeba. Huruma yake ndiyo iliyonishinda, nikaenda nyumbani nikajifungia chumbani.

Mkubwa wetu kazini aliniambia tusiupige wimbo huo kabisa. Lakini Jumamosi moja msikilizaji alipiga simu, mwanamke mwenye sauti ya upole, akauliza bila kejeli, "Mama, kila wimbo huwa unatuambia ukoje. Na huu unaokusema wewe, ukoje?"

Fundi mitambo alinitazama kupitia kioo, mkono tayari kukata simu. Nikamtikisia kichwa. Nilisema tuusikilize wote, nikauweka, nikausikiliza mpaka mwisho kama ninavyosikiliza wa mtu mwingine yeyote. Na ukweli ni kwamba ulikuwa mzuri. Zeze lilirudi mahali pake, mbele, lile lililokuwa limezikwa chini ya vinanda vya Geita. Kila neno lilikaa kama jiwe lililochaguliwa. Hasira ilikuwa imemrudishia kipaji chake.

"Ni wimbo bora kuliko zote alizowahi kutunga," nikasema. "Ubeti wa tatu umelegea. Pale anaposema ninaropoka kwa kuwa sina mume wa kuninyamazisha. Mume wangu amelala kaburini, na kumtaja kule hakukuongeza kitu kwenye wimbo. Kwingine kote hakuna pa kugusa. Mwenye masikio ausikilize."

Nikaenda matangazo. Fundi mitambo aliniletea maji.

Baada ya siku hiyo wimbo ulipanda kuliko mwanzo. Watu waliokuwa hawajausikia waliutafuta, kwa kuwa Ungo mwenyewe ameusifu. Mimi niliendelea na kipindi kwa muda, lakini wasanii walianza kuniogopa au kunibembeleza, na vyote viwili ni sumu kwa kazi ile. Wengine walileta kuku. Mwishowe niliomba kupumzika, nikarudi Samuye kwenye shamba langu.

Tulionana tena Masumbwe, miaka mingi baadaye, kwenye mashindano ya ngoma ya baada ya mavuno ya mahindi. Mnajua yanavyokuwa: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, na watu wanahama kutoka huku kwenda kule, wenye umati mkubwa ndio washindi. Nilikuwa nimemtembelea binti yangu aliyeolewa huko. Alinikuta nimekaa kwenye benchi la muuza uji, akasimama mbele yangu, amenenepa, amevaa koti zito juani.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Akakaa. Tuliulizana habari za watoto, za mifugo, za mvua. Halafu akasema, huku anatazama vumbi, "Nimetunga nyingine nyingi tangu ule. Umezisikia?"

"Nimezisikia."

"Zikoje?"

"Zote zinakanyaga nyayo za ule mmoja."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ninajua. Nikianza wimbo mpya, watu wanapiga kelele wanautaka wa ungo. Nauimba. Nikirudi kwenye mpya, wanaondoka. Mtu wa kukaa naye nikamuuliza nimekosea wapi sikumpata tena."

"Njia ya kwangu uliijua."

"Niliijua. Siku uliyousifu nilikuwa Geita, nilisikia kila neno. Ungenitukana, mayu, ningekuja kwako siku ileile tugombane, tupatane. Ulinisifu, ukanionyesha na pale nilipokosea, kama tuko kibarazani. Nikaona haya. Kila mwaka haya ikawa kubwa zaidi."

Mimi nilidhani nimefungua mlango siku ile. Nilikaa miezi nikitegemea kusikia kengele ya baiskeli, na alipokosa kuja nikamhesabu kuwa mtu mwenye kiburi. Kumbe na yeye alikuwa kwake, amekaa na haya yake. Hakuna aliyepiga simu. Namba zetu zilikuwa hazijabadilika.

"Njoo Samuye," nikamwambia. "Njoo na zeze peke yake, uache vile vinanda."

"Nitakuja tukimaliza kuvuna mpunga."

Wenzake wakamwita. Alipoingia uwanjani, umati ulianza kiitikio kabla yeye hajafungua mdomo, akina mama wakipepeta hewa kwa mikono. Alinitupia jicho mara moja, akauimba. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo ambao sikuufahamu, nikadhani ni vumbi.

Halikuwa vumbi. Msimu ule wa mpunga alikuwa hospitalini Mwanza, akapasuliwa koo. Alipona, namshukuru Mungu, lakini sauti haikurudi. Anaongea kwa kunong'ona, inabidi nizime kila kitu ndani ya nyumba ndipo nimsikie kwenye simu. Kuna nyimbo anasema anazo kichwani, alizokuwa ameniandalia. Nilimwambia amfundishe mwingine aziimbe. Akanong'ona kwamba si kitu kilekile, nami kwa hilo sikuweza kumpinga.

Siku hizi tunazungumza zaidi mambo ya ng'ombe. Juzi alinipigia kuuliza kama mvua imeshafika Samuye. Nikamwambia bado, mawingu yanapita tu. Nikasikia pumzi yake kwenye simu, kisha akaniaga.