Fangasi Walipolikataa Wigi Langu

Jamani, aibu hii ningependa kufa nayo, lakini kwa kuwa nusu ya watu wa kijijini hapa Tlawi waliiona kwa macho yao, heri mnisikie mimi kuliko wao, maana huko sokoni wanasimulia eti niliungua kichwa kizima (uongo mtupu, iliungua ncha tu).

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nimetokea Morogoro, na nilipopangiwa kazi huku Mbulu nilikuja na begi moja la nguo na mawili ya majivuno. Mwenzangu, Mwalimu Paulina, mzaliwa wa hapahapa, ana wigi lake la kuvaa kanisani, na mimi nilikuwa namcheka waziwazi ofisini kwamba amejifunika mkia wa farasi aliyekufa kwa njaa. Langu, nikawatangazia, ni nywele halisi za binadamu, dada aliyeniuzia Arusha aliapa kwa mama yake mzazi (nami, na shahada yangu, nikaamini).

Basi siku ya wazazi ikakaribia, mkuu wa shule akataka kila somo lionyeshe kitu. Nikachagua fangasi wanaokula keratini, ile protini ya kwenye nywele, kucha na manyoya. Wamejaa kwenye udongo wa mnadani, vumbi la stendi, popote panapopita watu na mifugo. Unachukua udongo, unaulowesha kidogo kwenye kopo, unatupia nywele juu, baada ya wiki kadhaa wanajitokeza wenyewe kula. Wanafunzi wakaleta manyoya ya kuku, sufu ya kondoo na nywele za kinyozi. Ingetosha kabisa. Lakini mimi na ujinga wangu nikakata kishungi cha wigi, nikakitia kopo la mwisho, nikabandika karatasi: NYWELE ZA MADAM. Kisha nikafunika yote kwa kitambaa, marufuku kuchungulia, nataka watu washangae.

Walishangaa.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa, baridi kali, wazee na blanketi zao mabegani. Theresia wa kidato cha tatu akafunua makopo. Kuku: ukungu mweupe kama pamba. Kondoo: hivyohivyo. Kinyozi: nywele zimetafunwa. Langu: zinang'aa utadhani zimetoka dukani asubuhi hiyo.

Theresia, mtoto mkweli kupita kiasi, akasoma hitimisho kwa sauti: "Fangasi wamekataa nywele za Madam. Kwa hiyo nywele za Madam hazina keratini."

Mzee Tluway, mwenyekiti wa wazazi, akauliza kwa upole kabisa: "Sasa Mwalimu, kama siyo nywele, ni nini?"

Hapo ningecheka yakaisha. Badala yake nikasema udongo ulikuwa mbovu, na kwamba nitathibitisha sasa hivi, maana nywele halisi ikiungua hunuka kama kwato na kubaki majivu, nikawasha kiberiti nikakipeleka kwenye ncha ya wigi likiwa kichwani (kichwani, jamani!). Haikunuka kwato. Ilinuka plastiki, kama mfuko wa rambo, ikayeyuka, ikaanza kudondosha matone meusi, na kamoto kakawa kanapanda kuja sikioni. Nikalivua, nikalitupa chini, nikalikanyaga kama nyoka, na nywele zangu zilizofichwa na wigi, ambazo sikuwa nimezichana tangu Jumapili, zikasimama kila moja na upande wake.

Alianza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akafuata mkuu wa shule, kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikageuka nikimbie. Paulina akanishika mkono, akavua mtandio wake.

"Inama nikufunge," akasema. "Halafu umalizie somo, wazazi wanasubiri."

Nikalimalizia, machozi yakinishuka, na hakuna hata mmoja aliyesinzia.

Siku hizi nasuka nywele zangu mwenyewe, twende kilioni, basi. Tena nimeapa: nitajisifu mbele ya mkuu wa shule, mbele ya wakwe, hata mbele ya mkaguzi, lakini mbele ya fangasi, kamwe. Wale hawajui cheo wala shikamoo. Kinacholika wanakula, na uongo wanauacha palepale, mzima, watu wautazame.