Niliangusha Pikipiki Mara Nne Ikiwa Imesimama

Ndani ya siku tisa niliangusha pikipiki mara nne, na mara zote nne ilikuwa imesimama.

Soma tena. Imesimama. Sikuwa mwendo kasi, sikugongwa, sikukatiwa njia na dereva wa lori. Nimefunga breki vizuri, nimeshusha mguu kama watu wengine, mara puu! Niko chini, tangi limenilalia pajani.

Na mimi si mtu wa kuanguka. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili niko juu ya pikipiki, na kumi na sita kati ya hiyo nimekuwa nikiwafundisha wengine. Kazini wananiita Gundi, maana nikishakaa kwenye kiti sibanduki.

Kwa hiyo nielewe nikikwambia kwamba siku zile tisa zilinitoa roho.

Ngoja nianze mwanzo.

Kiwanja chetu cha mafunzo kiko nyuma ya ghala la mbao. Lami imechubuka, koni ni nane, kuna kibanda cha bati na dirisha moja la kupokelea fomu. Kila Jumatatu wakija wanafunzi wapya nilikuwa nawapanga mstari na kuwaambia maneno yale yale.

"Pikipiki ikikimbia inajishikilia yenyewe. Inaanguka pale inaposimama. Utabana breki ya mbele usukani umekunjwa, chini. Utakanyaga mchanga, chini. Utashuka umesahau stendi, chini. Na ukiangalia mguu wako badala ya njia, ndiyo kabisa, maana macho yanapokwenda ndipo na pikipiki inapokwenda. Macho wapi?"

"Mbele!"

"Sijasikia!"

"Mbeleee!"

Huo ndio ulikuwa wimbo wangu. Hata wapakiaji wa mbao kule ghalani walikuwa wananiigiza, wakipishana na mizigo wanaambiana, "Macho mbele!" huku wanacheka.

Katika kundi la Jumatatu iliyoanza siku zile tisa alikuwamo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ni fundi cherehani, alitaka pikipiki ya kupelekea wateja nguo zao. Mwepesi wa kuelewa, ila alikuwa na ugonjwa mmoja ulionichefua.

Kila akisimama, anainama kuangalia mguu.

"Shemeji, macho mbele!"

"Naangalia kama umefika chini, shemeji."

"Mguu wako unajua njia ya kwenda chini! Haujapotea hata siku moja tangu uzaliwe!"

Darasa zima likacheka. Nikaona nimesema neno.

Dakika kumi baadaye nikawa nawaonyesha namna ya kusimama bila kuanguka. Hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe. Nikaja taratibu, nikabana klachi, nikafunga breki, nikashusha mguu wa kushoto.

Nikaenda chini mzimamzima.

Mwanafunzi mmoja akaanza kupiga makofi, akidhani ni sehemu ya somo. Nami nikaona hapo hapo pa kujiokoa.

"Mmeona?" nikasema nikijipangusa. "Hivyo ndivyo msivyotakiwa kufanya."

Wakaandika kwenye madaftari. Shemeji peke yake hakuandika, alikuwa ananitazama miguuni.

"Shemeji, huo mguu wako..."

"Macho mbele!"

Mara ya pili ilikuwa siku mbili baadaye, kituo cha mafuta. Nikamfokea mwenye pampu kwamba amemwaga oili. Akachuchumaa, akapitisha kiganja sakafuni, akanionyesha. Kikavu kabisa.

"Kaka, hapa nimedeki sasa hivi," akasema. Nikaondoka, na mafuta sikujaza.

Nikaenda moja kwa moja kwa fundi wetu wa pikipiki. Huyu ni rafiki yangu wa miaka kumi na tano, hajawahi kunidanganya hata kwa plagi. Lakini nilikuwa tayari na kinyongo naye. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimekaa barazani nafunga upya vioo vya pembeni, nikakuta nati ni moja wakati nilimwomba mbili. Kioo cha kushoto nikakifunga kwa waya, nikawa natembea nacho hivyo hivyo.

"Umeniinulia pikipiki," nikamwambia. "Ulipobadilisha shokomzoba umeiongeza urefu. Mguu haufiki."

Akachukua futi, akapima kiti, akapima tena. "Kimo ni kile kile, Gundi."

"Ndiyo maana hata nati ulininyima."

"Nilikupa mbili. Nimekuwekea kiganjani hapa hapa, ukasema ahsante."

"Basi hiyo nyingine nimeila?"

Akarudisha futi mfukoni, akainamia injini aliyokuwa anaifungua. Nikawasha pikipiki yangu nikaondoka bila kuaga, na kusema kweli roho iliniuma, lakini hasira ilikuwa imeshanikalia kichwani.

Mara ya tatu, taa nyekundu. Nyuma yangu foleni inapiga honi kama harusi. Aliyekuja kuniinua alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani.

"Mwalimu," akasema akinishika kwapa, "kumbe na wewe?"

Afadhali angenitukana.

Nyumbani nikawa mkali, hakuna anayenisogelea. Mke wangu akaniambia mara moja tu, kwa sauti ya chini:

"Baba watoto, kapime afya. Siku hizi unakunywa maji ndoo nzima, na hata buti inakushinda kuvaa, mpaka umeilegeza kamba."

"Nashinda juani nafokea watu, nisinywe maji? Mimi siumwi. Kuna kitu kwenye pikipiki ile!"

Na ni kweli nilikuwa siumwi. Hakuna mahali palipokuwa pananiuma. Kumbuka maneno hayo.

Habari za taa nyekundu zikamfikia bosi. Akaniita kibandani, akafunga mlango.

"Mwalimu, Jumanne wanakuja wakaguzi wa vyuo vya udereva. Wewe ndiye wa kuwaonyesha. Ukianguka mbele yao, nitakuhamishia dirishani."

"Dirishani?"

"Kwenye fomu. Utapokea, utagonga mhuri. Siwezi kuwa na mwalimu anayeangushwa na pikipiki iliyosimama."

Mimi, Gundi, nigonge mihuri! Miaka kumi na sita nimesimama pale kiwanjani, sijui kazi nyingine na sitaki nyingine. Siku zilizobaki nikafanya mazoezi peke yangu kabla wanafunzi hawajafika. Kusimama, kushusha mguu, kuondoka. Mara ishirini salama. Mara ya ishirini na moja nayumba, naiokoa pikipiki kwa paja na meno. Nikajaribu viatu vya raba, vikateleza kwenye kikanyagio, nikarudia buti. Nikafagia lami yote kwa mikono yangu. Nikapunguza upepo wa magurudumu. Kila kitu nilikigusa, isipokuwa kile kimoja.

Shemeji naye alikuwa anawahi. Asubuhi moja akanikuta nayumba.

"Shemeji, nikwambie kitu lakini usifoke."

"Kama ni cha mguu, sitaki."

"Ni cha mguu."

"Basi sitaki. Una siku tano tu kwenye pikipiki. Mimi nina miaka ishirini na miwili. Nani amfundishe mwenzake?"

Akavaa kofia yake ngumu akaenda zake kwenye koni.

Jumanne ikafika. Wakaguzi walikuwa wawili, mwanamke mwenye faili na mwanamume mnene mwenye miwani. Bosi amevaa suti. Wanafunzi wamepangwa mstari. Nikazunguka kati ya koni kwa umbo la nane, safi. Nikafanya breki ya ghafla, safi. Yule mwenye miwani akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika.

Ikabaki kusimama.

Nikaja taratibu. Klachi. Breki. Macho mbele, nimemkazia bosi. Mguu wa kushoto chini.

Sikuhisi ardhi. Niliona tu bosi anaanza kulala upande, kumbe anayelala ni mimi.

Jamani, niliinuka pale na moto. Pikipiki bado inazunguka gurudumu, mimi nimeshaanza kuhutubia. Lami hii imechakaa. Nimesema mwaka mzima. Fundi ameharibu shokomzoba. Nati ananyima, kazi ataifanya? Nikawa natembea huku na huku mbele ya wakaguzi, mikono hewani.

Nikagundua hakuna anayenitazama usoni. Wote, bosi, wakaguzi, mstari mzima wa wanafunzi, wamekodolea macho chini.

Hapo ndipo nilipolipuka.

"Mnaangalia nini huko chini? Nimewafundisha nini? Macho mbele!"

Hakuna aliyeinua kichwa.

Shemeji akatoka kwenye mstari, akaja mpaka mbele yangu, akanishika mkono.

"Shemeji," akasema. "Angalia chini."

Nikaangalia.

Buti ya kushoto haikuwapo mguuni. Ilikuwa imebaki kwenye pikipiki, imenasa kwenye kikanyagio cha gia. Nilikuwa nimesimama kwa soksi juu ya lami ya saa sita mchana, na nyuma yangu, kila nilipopita nikihutubia, palikuwa na alama nyekundu za mguu mmoja.

Sikuwa nahisi joto. Sikuwa nahisi kidonda. Sikujua hata kama kiatu kimenitoka.

Shemeji akaenda kuichomoa ile buti, akaigeuza, akaigonga kwenye kiganja. Soli ya ndani iliyochanika ikatoka, na chini yake kikadondoka kitu kikalia ting! kwenye lami.

Nati ya kioo.

Buti zilikuwa kando yangu Jumapili ile barazani. Ilidondokea humo, ikapenya kwenye mchaniko wa soli. Siku tisa nimetembea juu ya nati, nimeipigia gia, nimepanda nayo ngazi, huku nikimwita fundi mwizi. Soksi zilikuwa nyeusi. Unyevu nilioukuta humo jioni niliuita jasho.

"Mguu wako ulikuwa unatua kwa ubavu," shemeji akasema, na sasa alikuwa analia. "Tangu siku ya kwanza. Mara nyingine unakanyaga kwa kifundo kabisa. Kila nikitaka kukwambia, unaniambia macho mbele."

Kwa mara ya kwanza katika siku tisa, hasira yangu ikakosa pa kwenda.

Hospitali daktari akaniambia nitazame ukutani.

"Nitakuchoma kidogo kidogo na hiki kisindano, mguuni. Ukisikia, sema."

Nikasubiri. Nikaona anachelewa.

"Daktari, anza basi."

"Nimeshamaliza," akasema.

Sukari. Alisema yawezekana ilikuwa ndani yangu miaka mingi, inanila mishipa ya fahamu ya miguu kimyakimya. Ile kiu ilikuwa yake. Kidonda kilikuwa kimeshafika kwenye mfupa wa kidole cha mwisho, wakakikata. Nilimuuliza daktari kama ningeweza kukiokoa. Akasema siku tisa nyuma, huenda. Kisha akaongeza kwamba kama nisingeanguka, nisingekuja kabisa, na hapo tungekuwa tunazungumza habari ya mguu mzima.

Basi hapo nikaanza kuuelewa uzoefu wangu. Mwanafunzi huangusha pikipiki kwa sababu mwili wake haujajua. Mimi niliangusha kwa sababu niliamini mwili wangu unajua, na sikuukagua tena. Nati, oili, lami, kila kitu nilikisimamisha kizimbani kabla ya mguu wangu mwenyewe. Miaka ishirini na miwili ilinifundisha kuendesha. Ilinifundisha pia kutosikiliza, na hilo la pili sikuliona likiingia.

Niliporuhusiwa kutembea, nilikwenda kwa fundi na ile nati nimeifunga kwenye karatasi. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu njia nzima. Nilipofika nikaweza kusema, "Zilikuwa mbili."

Akaichukua, akaifuta kwa kitambaa chake, akaenda kwenye pikipiki yangu, akakata ule waya, akafunga kioo. Alipomaliza akaniuliza kidonda kinaendeleaje, akanivutia kiti.

Leo niko dirishani. Napokea fomu, nagonga mihuri, na sijazoea, nisikudanganye. Siku nyingine nikisikia pikipiki inaanguka kule kiwanjani nabana kalamu mpaka inapasuka. Daktari anasema tusubiri, pengine nitarudi, pengine sitarudi. Lakini hakuna anayepita dirisha langu kabla hajavua viatu nikaona nyayo zake. Wengine wananiona nimerukwa na akili. Wawili mpaka sasa nimewapeleka kupima, na mmoja amerudi kunishukuru.

Wewe unayesoma hapa, mzoefu wa kazi yako, chochote unachokifanya: yule mgeni anayekukera kwa kuuliza maswali ya kitoto, mwache amalize sentensi yake.

Jana shemeji alinipeleka kliniki. Amepata leseni, pikipiki ni yake, mimi nimekaa nyuma nimekumbatia kadi yangu ya hospitali. Tukafika kwenye taa ile ile iliyonilaza mara ya tatu, ikawa nyekundu. Akafunga breki. Kabla ya kushusha mguu, akainamisha kichwa kuangalia anapoukanyagisha.

Maneno yakanifika mpaka mdomoni.

Nikayameza, kisha na mimi nikainama, nikatazama wangu.