Kaunta Iliyorudi Ihembe

Habari kwamba duka la zamani litabomolewa niliipata nje ya kanisa, ibada ikiwa imekwisha na watu wakisalimiana. Fundi mwashi mmoja wa hapa Ihembe, ambaye niliwahi kumfundisha darasa la nne, alinivuta pembeni akaniambia ameitwa kukadiria kazi. Mwenye kiwanja anataka kujenga fremu sita za maduka ya kupangisha, na kazi ya kwanza ni kuliangusha lile duka.

"Nimeona nikwambie kabla sijamjibu, Mwalimu," alisema.

Alijua kwa nini ananiambia. Tangu nistaafu, mimi na wenzangu sita tulikuwa na kikundi cha kukusanya historia ya kata yetu. Mpaka siku hiyo kikundi chenyewe kilikuwa daftari langu moja na maneno mengi. Tulikuwa tukikutana Jumapili mojamoja, tunatafuna punje za kahawa, tunasimuliana mambo ya wazee, tunaondoka. Sasa ghafla kulikuwa na kitu cha kufanya. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa haraka mno, hata mume wangu aliponiona akauliza nani amefariki.

Duka lile ni la matofali ya kuchoma, na baraza lake ni refu. Lilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi kabla sijazaliwa. Yeye alipoondoka, likanunuliwa na mzee mmoja mkulima wa kahawa, akaliendesha mpaka alipofariki. Nimetumwa pale chumvi na mafuta ya taa tangu nikiwa na kimo cha kuona miguu ya wateja tu. Baada ya mzee kufa likawa stoo ya kahawa, kisha stoo ya mahindi, kisha makazi ya popo.

Kiwanja sasa ni cha mjukuu wake, kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kayanga. Tulimfuata watu wanne. Alituweka kwenye viti vya plastiki katikati ya mifuko ya saruji, akatusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea.

"Sina ubaya na historia, Mwalimu," alisema. "Lakini lile bati siku moja litamwangukia mtu, na atakayetafutwa ni mimi."

"Tukilitengeneza?"

"Mtatengeneza nini? Ndani hamna kitu. Kuta nne na popo." Alikuna kidevu. "Mimi sianzi kujenga mpaka kahawa ivunwe. Kabla ya hapo mkinionyesha kwamba hili ni duka na siyo gofu, tutazungumza."

Kahawa ilikuwa bado kijani mitini. Tulitoka pale tukiwa tunazungumza wote kwa pamoja, hakuna anayemsikia mwenzake.

Fundi alijitolea. Aliteremsha bati lote, akatoa mbao zilizoliwa na mchwa, akarudisha mabati yaliyofaa. Jumamosi ya kwanza tulikuwa watu saba; ya tatu sikuweza kuhesabu. Walutheri walikuja na Wakatoliki wakaja, akina mama wakabeba maji ya kukorogea chokaa, na waliokuwa wanapita njiani kwenda vibanjani kupalilia migomba waliegesha baiskeli zao wakashika brashi. Mimi nilipanda ngazi nikiwa na miaka sitini na mitatu, nikapaka chokaa chini ya dari, fundi akinisihi nishuke.

Ugomvi ulianza tulipomaliza kuta. Ndani kulikuwa kweupe na kutupu, na kila mmoja alikumbuka duka lake. Huyu anasema sukari ilikuwa kushoto, yule anaapa ilikuwa kulia. Picha hatukuwa nayo hata moja. Ndipo mama mmoja aliyekuja na ndoo ya maji akasema, "Kwa nini hamumuulizi yule bibi wa Ihanda aliyekuwa anafagia hapa?"

Nilipanda bodaboda siku hiyohiyo.

Nilimkuta amekaa mlangoni kwake anamenya ndizi za mchana. Wazazi wake walitoka Rwanda kuja kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa, na yeye alipokuwa binti, mzee wa duka alimwajiri kufanya usafi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukusumbua, waitu," nilisema, kwa lile neno letu la heshima.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, unisumbue vizuri."

Nilimweleza. Aliendelea kumenya, macho yakiwa kwenye kisu, mpaka nilipotaja rafu.

"Zile rafu nilizipangusa kila asubuhi," alisema. "Ukinifumba macho leo nitakuonyesha sabuni ilipokaa."

"Ilikaa wapi?"

"Mbali na majani ya chai. Chai inanyonya harufu. Mzee alikuwa mkali sana kwa hilo."

Nilitoa daftari. Nikaandika mpaka mkono ukauma. Nikamuuliza kuhusu kaunta, maana sote tuliamini ilishapasuliwa kuni. Akaweka kisu chini akacheka.

"Nani kawadanganya? Iko Ndama. Mzee alipofariki, seremala mmoja alimtengenezea jeneza, familia ikampa ile kaunta kama shukrani. Nendeni mtaikuta. Mkitilia shaka, tazameni ukingo wa upande wa muuzaji. Kuna misumari ya shaba, vichwa vimezama kwenye mbao. Kutoka wa kwanza hadi wa pili ni yadi moja ya kitambaa."

Kesho yake asubuhi mimi na fundi tulikuwa Ndama. Seremala yule naye alishafariki. Karakana anayo mtoto wake, mtu mzima mwenye mvi. Alitupeleka nyuma, chini ya paa la bati. Pale palikuwa na meza ya kazi ndefu, nene, imejaa gundi iliyokauka na alama za msumeno. Ilikuwa meza kama meza nyingine.

Niliazima patasi, nikaanza kukwangua gundi ukingoni. Nilikwangua kwa muda, wao wamesimama wananitazama. Kisha kikatokea kitu cha manjano, kidogo kama punje ya mahindi. Nilitia mate kidoleni nikasugua. Shaba. Fundi alivuta tepu yake kutoka pale, inchi thelathini na sita, akaweka kidole, nikakwangua pale kwenye kidole chake. Wa pili huu hapa. Nikampa yeye patasi, naye akapata wa tatu.

"Miaka yote nimerandia mbao juu ya hii," yule mtoto wa seremala alisema taratibu, "sijawahi kuiona." Halafu akauliza swali la haki kabisa: "Mkiichukua, mimi nitafanyia kazi wapi?"

Fundi alimwahidi meza mpya ya mbao nzima zilizobaki kwenye paa la duka, na alimtengenezea kweli, kabla hatujahamisha chochote.

Kaunta ilisafiri kwenye toyo, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Ilikuwa ndefu kuliko toyo yenyewe, kwa hiyo watu wawili walikaa nyuma wameishikilia, na mimi nilifuata kwenye bodaboda nikimwambia dereva asiipite, asiiache. Kila tulipopunguza mwendo watu waliuliza ni nini, nami nikawajibu kwa sauti kutoka kwenye pikipiki kwamba ni kaunta ya duka. Tulipofika Ihembe kulikuwa na waliotangulia kutusubiri barazani.

Haikupita mlangoni. Tuliigeuza ubavu, tukaisimamisha, haikupita. Bibi wa Ihanda, aliyekuwa amewasili na kitenge kipya, alitutazama tukihangaika, kisha akasema kwamba haijawahi kupita mlango ule. Ilitengenezewa humohumo ndani, na kuitoa walibomoa dirisha. Tukalibomoa tena. Fundi alitoa matofali mojamoja akayapanga vizuri nje, na kaunta ikaingia mabegani mwa wanaume wanane, ikatua sakafuni mahali ambapo miguu yake ilikuwa imeacha alama kwenye saruji.

Wiki iliyofuata bibi ndiye aliyetawala. Watu walikuwa wameleta vitu: mizani, vibaba, koroboi, chupa pana za peremende, debe la mafuta. Alipita nyuma ya kaunta, akafumba macho kweli kama alivyosema, akanyoosha mkono. "Hapa chumvi. Hapa viberiti, juu, watoto wasifikie. Hapa vitambaa." Kila aliposema, mimi nilibandika karatasi. Waliokuwa wanagombania sukari wote walikosea. Ilikuwa chini ya kaunta, ndani ya pipa.

Mjukuu wa mzee alikuja kahawa ikiwa imeanikwa kila uwanja. Nilishindwa kukaa. Aliingia, akatazama bati kwanza, kisha rafu, kisha akamwona bibi nyuma ya kaunta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Babu yako naye alikuwa akiingia anaanza na bati."

Akacheka, akamuuliza vile vichwa vya misumari ni vya nini. Bibi alichukua kitambaa cha bluu, akakivuta kutoka msumari hadi msumari, yadi moja, yadi mbili, kisha akaongeza kiganja chake kizima kabla ya kuonyesha pa kukata.

"Mbona umezidisha?"

"Sare ya shule. Mtoto anarefuka. Babu yako alitaka iwe hivyo kwa kila mtoto, na kiganja hicho hakukiuza."

Sikuwa nalijua hilo. Sare yangu ya kwanza ilishushwa pindo mara mbili, na siku zote nilidhani ni ujanja wa mama. Kijana aliweka viganja viwili juu ya kaunta. Kisha akamwomba bibi arudie, akapima mwenyewe, akakosea, akarekebishwa.

Alipotoka nje alimwita fundi, wakatembea uwanjani wakihesabu hatua. Niliwasikia kupitia dirisha ambalo lilikuwa halijajengwa tena.

"Fremu zianzie pale," alisema. "Zitakuwa nne tu. Na hili dirisha lirudishe kwa matofali yaleyale."

Nilimkumbatia bibi kwa nguvu hata akalalamika mbavu. Halafu akanipa kitambaa, akaniambia chokaa imedondoka kwenye rafu ya chai, nipanguse.