Fundi Breki na Dawa ya Kulegeza

Mtaani walimwita Fundi Breki, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na babake. Gereji ilikuwa na mafundi wa injini, wa umeme na wa kunyoosha bodi; yeye ni breki tu. Na alikuwa na sharti lake: gari halitoki mpaka yeye mwenyewe aliteremshe ule mteremko wa nyuma na kulisimamisha katikati. Mwenye gari akifoka kwamba anachelewa, fundi hufumbata funguo kiganjani na kusema, "Gari lisilowaka halijaua mtu. Lisilosimama ndilo linaloua." Watu walicheka, na wakangoja.

Mkewe alishona sare za shule sebuleni. Uvimbe wa shingoni aliuficha kwa mtandio mpaka ukakataa kufichika, ukapewa jina: limfoma, saratani ya tezi. Dawa za kwanza zilimnyonyoa nywele zote, uvimbe ukanywea, kisha ukarudi na mwenzake wa kifuani. Ndipo daktari, mwanamke kijana wa sauti ya taratibu, akawakalisha wote wawili. Kwa kuwa aliijua kazi ya mume, alidhani amepata mfano mzuri. Mungu amsamehe, nia yake ilikuwa njema.

"Mzee, damu yetu ina askari wake. Kila askari ana breki, asije akaushambulia mwili wenyewe. Mimi ninazo, wewe unazo, kila mwenye afya anazo. Sasa saratani ya mama imejifunza kuzikanyaga hizo breki. Askari wapo, lakini hawasogei. Ipo dawa ya kuziachia."

"Kuziachia? Mwili ubaki bila breki?"

"Kuzilegeza, mzee. Kuna wakati askari huzidisha, wakagusa mapafu au ini. Tutamwangalia kwa karibu."

Akaeleza kwamba dawa ingetoka kwenye utafiti wao, wa kulinganisha breki hizo kwa wagonjwa na kwa watu wenye afya. Fundi akakunja mkono wa shati palepale, akatoa damu yake iwe ya kulinganishia. Sindano haikumtisha. Kilichomkwama kooni ni lile neno kulegeza.

"Mimi cherehani tu ndiyo naijua," mke alisema, akicheka na kukohoa. "Ya breki muulizeni huyu."

Na huyu akasema wangoje. Warudie kwanza dawa za zamani.

"Za zamani zimeshashindwa, mzee. Na hii inataka mwili wenye nguvu."

"Hata hivyo, daktari. Tungoje kidogo."

Mganga hajigangi. Mke akawa anashona huku ameegemea ukuta, kisha hakushona tena, sare zikalala mezani bila mikono. Siku moja aliuliza, "Baba watoto, bado tunangoja tu?"

"Siwezi kukupandisha gari lisilo na breki, mama."

Alimjibu hivyo kwa mapenzi ya kweli, na ndiyo maana inauma kuisimulia.

Kisha ikaja pikapu inayovutwa kwa kamba, gurudumu likitoa moshi. Hakuna aliyekanyaga pedali, lakini breki ilikuwa imebana na haiachii. Fundi akafungua gurudumu, akamwaga mafuta ya breki kidogo, akairudisha pistoni nyuma, akasukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka. Kazi hiyo aliifanya miaka yote, bila hofu wala maswali. Alibaki amechuchumaa analitazama. Halafu akasimama ghafla na kumtupia mwenye gari funguo bila kulijaribu mteremkoni, na safari hii mwenye gari ndiye aliyeogopa. Fundi alikwishaondoka, mbio, kuelekea hospitali.

Daktari alizitazama kwa muda mrefu picha mpya, alizopigwa mke wiki ile. Kifua kilikuwa kimejaa maji, ini limechoka.

"Sasa hawezi kuihimili, mzee. Kama ingekuwa siku ile..." Hakumalizia. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Nyumbani alimkuta mkewe ameegemezwa kwa mito, kando ya cherehani. Akamweleza yote, bila kujipunguzia kosa: alichosema daktari, na ile pikapu, na jinsi breki ilivyokuwa imebana.

"Ukailegeza?"

"Nikailegeza."

"Gari likaenda?"

"Likaenda, mama."

Mke akavuta pumzi, kwa shida. "Basi kumbe ungenipeleka gereji," alisema.

Alitabasamu, akingoja mumewe acheke, kama walivyozoea kutaniana tangu ujana. Fundi alifungua kinywa acheke, akashindwa. Akalia kwa sauti, na mgonjwa ndiye aliyembembeleza.